Nilivyochagua sakafu ya nyumba yenye mbwa wakubwa

Kila niliyemuuliza habari za sakafu alinijibu habari za kucha. Muuza vigae, fundi, shemeji yangu, wote neno lao lilikuwa moja: tafuta kitu kigumu kisichochubuka. Kucha ni tatizo, sibishi. Lakini kwa nyumba yenye mbwa wakubwa mimi naziweka nafasi ya tatu. Utelezi unatangulia, halafu mkojo, ndipo kucha zije.

Wangu ni wawili. Gogo ni Boerboel wa kilo 60 na ushee, na jina alilipata kwa jinsi anavyojibwaga chini akitaka kulala. Radi ni German Shepherd wa umri mkubwa ambaye nyonga zimeanza kumsumbua. Nyumba tuliyohamia ilikuwa na vigae vya kung'aa sebuleni, jikoni na kwenye korido, na lamineti, yaani mbao za kutengenezwa kiwandani, vyumbani. Wageni walivisifu sana vile vigae. Radi alikuwa akipita kwa kuambaa ukuta, akihama kutoka zulia moja hadi jingine, na palipokosa zulia alisimama akaniangalia. Kuinuka ndiko kulikokuwa na taabu zaidi: miguu ya mbele inatanuka, mmoja huku mwingine kule, kucha zinakwaruza kigae, kifua kinarudi chini.

Daktari wa mifugo alipomaliza kumpapasa nyonga aliuliza, "Nyumbani mna sakafu gani?" Nikamwambia. Akainua mguu wa Radi akanionyesha unyayo. Mbwa hutembea kwa vidole, na mshiko wake uko kwenye zile nyama nene zilizo chini ya vidole. Akihisi anateleza anakunja vidole ili kucha zikamate ardhi. Kwenye udongo zinazama na kumsaidia. Kwenye kigae cha kung'aa hazina pa kuzama, zinainua tu zile nyama kutoka sakafuni, na kadiri anavyojikaza ndivyo anavyozidi kuteleza. Manyoya yakiota kati ya vidole, hali inazidi kuharibika. Kwa mbwa mwenye ugonjwa wa nyonga, na mbwa wa maumbo makubwa ndio unaowapata zaidi, kila akiteleza ni maumivu juu ya maumivu.

Basi nikawa na swali jingine la kuwauliza wauzaji: mbwa mzee ataweza kuinuka hapa, sakafu ikiwa imelowa? Wengi walicheka.

Mwenzangu alitaka mbao, kwa hiyo nilizichunguza vizuri kabla ya kumkatalia. Ugumu wa mbao hupimwa kwa kipimo cha Janka: gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 inasukumwa hadi nusu yake izame, na nguvu iliyotumika ndiyo namba ya mbao hiyo. Kwa ratili za nguvu, msonobari mweupe uko karibu na 380, mwaloni mwekundu 1,290. Mpingo unapita 3,500, ila hizo ni mbao za zumari na vinyago, sijasikia mtu aliyezitandika sebuleni. Namba hizo zinakuambia mbao itabonyea kiasi gani Gogo akikimbilia mlangoni kengele ikilia. Hazikuambii lolote kuhusu vanishi iliyo juu, na vanishi ndiyo inayochubuka kwanza. Ile ya kung'aa inaonyesha kila mkwaruzo, isiyong'aa inauficha. Hata hivyo kilichonitoa kwenye mbao ni mkojo. Ukikaa, unapenya kwenye maungio na kuacha doa jeusi lililoingia ndani, ambalo halitoki kwa kupiga msasa juu juu. Kapeti ya ukuta hadi ukuta sikuifikiria hata kidogo, kwa sababu hiyohiyo.

Lamineti nilikuwa nayo tayari, kwa hiyo ushahidi ulikuwa chini ya miguu yangu. Usoni ilikuwa nzima kabisa. Hupewa madaraja ya kustahimili kuchakaa, AC1, AC2 na kuendelea, na ya AC4 inazivumilia kucha vizuri tu. Tatizo ni kiini chake, ambacho ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na nyuzi hizo zinakunywa maji. Pale tulipokuwa tukiweka bakuli lao la maji, kingo zilikuwa zimevimba na kuinuka. Ukipitisha kidole unahesabu maungio. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba yake mpya haiingii maji. Nikaomba kipande, nikakilaza kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi upande uliokatwa ulikuwa umenenepa, haukaribii tena kulingana na kipande kikavu. Alijitetea kwamba makali yaliyokatwa hayana kinga, na ni kweli, ila kila chumba kina vipande vilivyokatwa, tena vyote viko ukutani, na ukutani ndiko mbwa dume anakoinua mguu.

Kuhusu kucha zenyewe, kuna jambo lililonipunguzia wasiwasi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ukucha uko karibu na 2.5, na punje ya mchanga wa kwatzi iko 7. Kwa hiyo sakafu ngumu haikwaruzwi sana na ukucha. Inakwaruzwa na punje iliyonasa chini ya unyayo, ikisagwa na uzito wa Gogo. Mkeka mkubwa wa kukung'utia miguu mlangoni na ufagio wa kila siku vinaokoa sakafu kuliko maneno mengi yaliyoandikwa kwenye boksi.

Vinaili ngumu ilinivutia sana, hasa ile ya vipande vya kupachika yenye kiini cha unga wa mawe ya chokaa na plastiki, ambayo wauzaji wanaiita SPC. Haivimbi kwa maji, haina ubaridi wa kigae, na kelele ya kucha inapungua. Cha kutazama ni lile tabaka angavu la juu linalobeba mikwaruzo. La milimita 0.3 ni la nyumba ya watu watulivu. Mimi nilitaka 0.5, ambayo kwenye boksi mara nyingi huandikwa 20 mil (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi, si milimita). Kinachotangazwa kwa herufi kubwa ni unene wa ubao mzima, nao haukuambii chochote kuhusu hilo tabaka. Sharti lake jingine ni sakafu ya chini iliyosawazishwa: bonde linalozidi milimita 3 katika urefu wa mita 2 linafanya ubao ucheze kila mbwa anapopita, na hatimaye meno ya kupachikia yanavunjika. Na mikeka yenye mpira chini usiiweke juu ya vinaili, mpira unaiachia madoa ya njano yasiyofutika.

Vigae nilikuwa nimeshavichukia kwa ajili ya Radi, mpaka nilipoelewa kwamba adui ni ule mng'ao. Poselini yenyewe ni kitu cha ajabu. Ili kiitwe poselini, kigae hakitakiwi kunyonya maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Mkojo hauna pa kuingilia, isipokuwa kwenye grauti, yaani ule ujazo wa kati ya kigae na kigae. Na vipo vyenye uso mkavu, usiong'aa, unaokwaruza kidogo kiganja. Kwa upande wa utelezi, vigae vingi vina alama kuanzia R9 hadi R13, inayopatikana kwa kumtembeza mtu juu ya mteremko uliopakwa oili, huku mteremko ukiinuliwa polepole mpaka ashindwe. R9 ndiyo ya chini. Nilidhamiria R10. Kuanzia R11 unapata mshiko mzuri zaidi, ila deki inakuwa vita, uchafu unang'ang'ania kwenye vinundu.

Sasa, yule mtu wa kwenye mteremko anavaa viatu. Radi havai. Nikaomba sampuli za vigae na za vinaili, nikazipanga uani juu ya turubai mpaka zikawa njia, nikazimwagia maji. Gogo hakunisaidia kitu, yeye anapita popote bila kutazama anapokanyaga. Kazi ilikuwa ya Radi. Nilimlaza juu ya kila aina, nikasogea kando, nikamwita. Kwenye vinaili alinyanyuka bila shida ilipokuwa kavu, ila ilipolowa mguu wa nyuma ulichepuka kidogo kabla ya kushika. Kwenye kigae cha R10 alisimama kwa mkupuo mmoja, kiwe kikavu au kimelowa. Hapo sikuhitaji ushauri zaidi: poselini sebuleni, jikoni na kwenye korido, vinaili vyumbani, ambako bakuli la maji halikai tena na ambako mwenzangu alipata walau picha ya mbao.

Fundi hakufurahi. "Bosi, hivi vinafubaza nyumba," aliniambia, "watu wanataka wakiingia waone mng'ao." Nikamwambia watu wa nyumba hii wana miguu minne. Tulielewana hapo, tukaja kubishana kwenye gundi. Mafundi wengi huweka mafungu matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, kisha wanabonyeza. Chini panabaki uwazi, na pale penye uwazi ndipo kigae kinapopasuka siku kitu kizito kikiangukia. Nilitaka gundi itandazwe yote kwa mwiko wa meno. Kila alipomaliza sehemu na gundi kukauka, nilipita na sarafu nikigonga: kilichoshiba kinatoa mlio mzito, chenye uwazi kinalia kama debe tupu. Viwili vilifumuliwa.

Grauti nayo ilikuwa na kesi yake. Ya saruji ni rahisi kupaka, lakini inanyonya mkojo, na harufu inarudi kila unapopiga deki. Ya epoksi hainyonyi. "Hii inakauka upesi, Bosi, ikigandia juu ya kigae tutalaumiana," alisema. Basi tukachanganya kidogo kidogo, yeye anajaza, msaidizi wake anafuta nyuma yake palepale. Nilichagua rangi ya kijivu iliyokolea, na vigae vya sentimita 60 kwa 60 ili maungio yawe machache. Kwenye skating, ule ukanda wa chini ya ukuta, badala ya mbao, tulikata vigae hivyohivyo na kuziba ungio la chini kwa silikoni, maana Radi pamoja na uzee wake bado anatia alama.

Sakafu ngumu ina deni lake kwa mbwa mzito. Viwiko vinaota sugu, na wengine hupata uvimbe wa maji pale, kwa hiyo kila mmoja ana godoro nene, na jingine liko kwenye korido anakopenda Gogo. Kucha nazikata ziwe fupi kiasi kwamba akisimama hazigusi chini, na manyoya kati ya vidole vya Radi nayapunguza kwa mkasi wenye ncha butu. Mkojo ukimwagika naufuta kwanza, kisha napaka dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja kile kinachonuka. Sabuni zenye amonia nimeziondoa ndani, kwani harufu yake inamfanya mbwa adhani pale ndipo chooni. Blichi usiimwage juu ya mkojo kabisa, inatoa hewa yenye sumu.

Radi sasa anapita katikati ya korido. Malalamiko yaliyobaki ni ya deki. Tambara peke yake halikitoshi kigae cha R10, lazima kipitiwe na brashi ngumu, halafu maji safi, kwa kuwa utando wa sabuni ukibaki unaurudisha utelezi niliolipia kuuondoa. Brashi hiyo ni yangu. Mwenzangu alishasema aliyekataa mbao ndiye atakayesugua.