Bafle isiyo na mgongo

Lubumbashi, Jumapili usiku

Umeme umeondoka saa kumi na mbili jioni na mpaka sasa haujarudi, lakini sebuleni kwangu gitaa linalia. Nina betri ya volti 12 iliyokunywa jua tangu asubuhi, kibao cha amplifaya kinachoenea kiganjani, na mbao mbili ndefu zilizosimama katikati ya chumba kama watu waliokuja kutoa pole wakakosa pa kukaa. Naandika kabla betri haijalegea.

Spika zilizo kwenye mbao hizo ni za marehemu baba. Kwetu Katuba kulikuwa na redio-kabati ya Philips, ile ya miguu minne, yenye sahani ya santuri juu na kitambaa cha rangi ya dhahabu pande mbili. Baba aliinunua mwaka 1974 kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga duka lake, miezi michache baada ya serikali ya Zaire kutangaza Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitaingia mikononi mwa wananchi. Ilifika nyumbani juu ya pusupusu, ule mkokoteni wa kusukuma kwa mikono, imefunikwa blanketi, na baba akitembea kando yake kama anasindikiza mgonjwa.

Ninachokikumbuka zaidi si muziki. Nakumbuka Mei 1978, nikiwa na miaka minane. Vita vilikuwa vimeingia Kolwezi, mji wa machimbo wa huku kwetu Katanga. Usiku baba aliwasha redio kwa sauti ya chini kabisa, akapiga magoti, akabandika sikio kwenye kile kitambaa. Sisi watoto tulifukuzwa tukalale. Siku askari wa Kifaransa waliposhuka huko na miavuli, tarehe 19, alikaa hapo mpaka magoti yakamuuma. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango. Hakusema neno.

Baadaye taa za redio, zile valvu za kioo zinazoiendesha, zilikufa moja moja na za kubadilisha zikakosekana. Kabati likawa la kuwekea sahani. Kisha mchwa wakaanza na miguu, na mwaka jana mama akaagiza lipasuliwe kuni. Nilifika shoka likiwa tayari limeanza kazi. Nikaokoa spika mbili za inchi 8, zenye koni ndogo ya karatasi katikati ya koni kubwa, na nyuma yake sumaku isiyozidi kopo la nyanya.

Nilizipeleka kwa mzee mmoja fundi wa redio, upande wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Nikamuuliza, "Papa, hizi bado zinafaa?" Hakunijibu. Aliweka moja juu ya goti, akasukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, polepole, huku ameinamisha sikio. Alikuwa anatafuta mkwaruzo. Koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, ikiwa imepinda, inasugua chuma na unasikia kama mchanga. Hakusikia mchanga. Akapima kwa mita: omu 4.1 na omu 4.3, waya haujakatika. "Mwana, hii haiyakufa. Njo ulitaka kutupa?"

Koni moja ilikuwa imechanika urefu wa kidole. Aliiziba kwa karatasi ya kusokotea sigara na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa maji, akaniambia nisiiguse mpaka kesho. Akanionyesha na ukingo: ni karatasi ile ile ya koni, imekunjwa mikunjo midogo. Zile spika za miaka ya themanini zenye ukingo wa sponji, ukiziamsha leo sponji inamomonyoka kama keki ya harusi ya mwaka juzi. Hizi karatasi zake zimetuzidi umri na bado zinacheza.

Nilipokuwa naondoka aliniita tena. "Usifungue sumaku. Ukifungua, nguvu inatoka." Nikadhani ni imani za mafundi. Baadaye nilisoma, kumbe ni kweli tupu: sumaku za aina hii ukizitoa kwenye chuma kinachozizunguka hupoteza sehemu ya nguvu zao, na ukizirudisha nguvu hairudi mpaka zipelekwe kwenye mashine ya kutia sumaku upya. Nilimshukuru moyoni, kwa sababu bisibisi ilikuwa tayari imo mfukoni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa sanduku. Nilikuwa na bafle mbili za kichina zilizoungua, masanduku yake mazima, nikatoboa na kufunga spika za baba humo. Sauti ikawa ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Kila neno lilikuwa na "buu" nyuma yake. Nikajaza magodoro, nikajaza nguo kuukuu, pipa likabaki pipa. Kwa wiki mbili niliamini kumbukumbu yangu ilikuwa imenidanganya, kwamba redio ya baba haikuwahi kusema vizuri.

Jibu lilikuwa kwenye zile kuni. Ubao wa nyuma wa kabati ulikuwa karatasi ngumu yenye matundu tele. Redio-kabati haikuwa sanduku. Mgongo wake ulikuwa wazi!

Hapa niseme kidogo juu ya neno. Sisi huku tukisema bafle tuna maana ya spika nzima pamoja na sanduku lake. Tumelirithi kwenye Kifaransa, na Kifaransa kililichukua kwa Waingereza, ambao kwao lilikuwa ubao tu, kizuizi. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walipoeleza spika yao ya koili mwaka 1925, spika ilihitaji ubao wa kuizunguka ili isimeze sauti yake yenyewe. Kwa hiyo nilichokijenga ndicho bafle hasa, na vile vinavyouzwa mjini ni makabati.

Kumeza sauti yake yenyewe maana yake ni hivi. Koni ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele, na wakati huo huo inavuta hewa ya nyuma. Sauti mbili zinazaliwa pamoja, moja kinyume cha nyingine, na zikikutana zinauana. Sauti nyembamba hazina shida, kwa kuwa wimbi la mitetemo 1000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita 34 tu, na ubao unalitenganisha. Besi ndiyo yenye matatizo. Wimbi la mitetemo 100 lina mita 3 na sentimita 40, la mitetemo 50 linakaribia mita 7. Ubao wangu una upana wa sentimita 60. Wimbi kama hilo linauzunguka kama ng'ombe anavyozunguka kijiti kilichosimikwa njiani.

Basi kwa nini besi haikufa yote? Ni kwa sababu ya udhaifu wa sumaku yenyewe. Spika za leo zina sumaku kubwa zinazoshika koni kama breki kali, na ukizitundika kwenye ubao wazi zinatoa sauti kavu, nyembamba. Sumaku ndogo ya redio ya zamani haina breki hiyo. Karibu na mtetemo wake wa asili (zangu nilipima, moja 68, nyingine 74) koni inajiachia, inabembea zaidi ya ilivyoamriwa, na ziada hiyo inafidia kile ambacho ubao umepoteza. Ndani ya sanduku ziada hiyo hiyo ndiyo lile "buu". Wiki mbili nilikuwa napigana na kitu kilichokuwa upande wangu.

Mbao ni multipleksi, yaani plaiwudi, ya milimita 18 iliyotumika kwenye kofraje, ukungu wa kumiminia zege, ya jengo moja, bado ina alama za saruji upande mmoja. Nimeuacha upande huo nyuma. Urefu sentimita 110, tundu sentimita 18 na nusu, nyuma ya tundu nimechonga ukingo kwa tupa ili koni ipumue. Tundu haliko katikati. Nilijaribu katikati kwanza, juu ya kipande cha bure, na sauti za waimbaji wanawake zikawa na shimo mahali fulani, kwa kuwa umbali wa kufika kila ukingo ulilingana na makosa yote yakaangukia sehemu moja. Kusogeza pembeni kunayatawanya. Kupaka rangi kulinichukua Jumamosi nzima na sina la kusema juu yake.

Jioni ya kwanza niliunganisha nyaya, nikawasha, besi hakuna kabisa. Hata kidogo. Na mwimbaji hakuwa popote, alikuwa ananizunguka kichwani kama mbu. Nilikuwa nimeamini nukta nyekundu iliyopakwa kwenye spika moja kuwa ndiyo chanya. Mtu fulani aliipaka vibaya miaka iliyopita, na mimi nikamfuata. Nilichukua betri ndogo ya volti 1.5, nikagusa: koni ya kulia ikaja mbele, ya kushoto ikarudi ndani. Moja ilikuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta. Nikageuza nyaya mbili, na yule mwimbaji akasimama katikati ya chumba. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mwanangu wa mwisho alitoka kitandani kuangalia. Alizunguka ubao mara mbili. "Papa, hii ni bafle gani haina mugongo?" Akagundua mwenyewe jambo ambalo mimi nililisoma tu: ukisimama ubavuni kabisa mwa ubao sauti inapotea, kama mtu kafunga mlango, kwa maana hapo sauti ya mbele na ya nyuma zinafika pamoja. Sasa yeye na wenzake wana mchezo wa kutafuta mahali pasipo na muziki.

Mama yao hajafurahi. Mbao zinataka kukaa angalau mita moja kutoka ukutani, na sebule yetu ina mita nne. "Sasa sisi tutaikala wapi?" Swali la haki, na bado sina jibu. Na wapenda besi wasije kwangu. Chini ya ule mtetemo wa asili hakuna kitu, na baa ya jirani ikifungua masanduku yake nashindwa hata na kikohozi chao.

Nije kwenye sumaku. Juu yake pameandikwa Ticonal. Hilo ni jina la Philips kwa jamii ya vyuma ambavyo wengine wanaviita alniko, yaani aluminiamu, nikeli na kobalti. Katika aina iliyotumika sana kwenye spika kobalti ni karibu robo nzima, asilimia 24, na humo mna shaba pia, kama asilimia 3. Koili nayo ni waya wa shaba. Nilipoyasoma hayo niliiweka spika mezani nikaiangalia upya. Kobalti na shaba! Katanga ilikuwa ikitoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia miaka ile. Huenda hii spika ilitoka huku ikiwa mawe, ikaenda Ulaya, ikarudi juu ya pusupusu.

Halafu nikasoma jingine. Vita vya Kolwezi vilipandisha bei ya kobalti mara kadhaa kwa muda mfupi. Watengenezaji wa spika, JBL wa Marekani wakiwemo, wakaiacha alniko wakahamia sumaku za feriti, ambazo hazihitaji kobalti. Baba alipiga magoti pale Mei 1978, sikio limebanwa kwenye kitambaa, sentimita chache kutoka sumaku ya kobalti, anasikiliza habari ambayo ndiyo ilikuwa inaziondoa sumaku za namna hiyo sokoni. Hakujua. Hakuna aliyejua. Leo kobalti yetu inakwenda kwenye betri za simu na magari, malori yanapita usiku kucha kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na nikizima muziki nayasikia.

Mama yangu alikuja leo baada ya kanisa. Tulikula bukari, sombe na kapenta, na baada ya chakula nikamweka kwenye kiti kizuri, kile nilichokipima kwa futi kamba, umbali sawa na kila ubao. Nilimchagulia Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa huku kwetu, zile rekodi alizofanya mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa moja, sauti moja, besi hazidai. Spika hizi ni kama zilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Alisikiliza dakika moja hivi. Akainuka, akachukua kigoda cha jikoni, akapita kati ya mbao, akakaa nyuma yake, kwenye nafasi iliyobaki kabla ya ukuta, uso umeelekea alama za saruji.

"Mama, sauti iko huku mbele."

"Huko mbele ni kwa baba yako."

Nikakumbuka kabati lilivyokaa: mgongo wake ulielekea dirisha, na nje ya dirisha ndiko ilikokuwa mbabula ya mama, jiko lake la makaa. Miaka yote hiyo yeye alisikiliza kupitia matundu ya ile karatasi ngumu, sauti iliyopita kando ya sumaku, iliyopungua makali, ya mviringo.

"Hata siku zile za Kolwezi," akasema, "baba yako alifikiri anasikia peke yake. Miye nilisikia yote. Nilikuwa nageuza makaa."

Hakuongeza kitu. Nilisogeza ubao wa kushoto kidogo, apate nafasi ya kunyoosha miguu.