Jinsi nilivyomchagulia ndugu yangu baruti ya rivolva ya zamani

Ndugu yangu mdogo anaishi Texas, nami ni mwalimu wa kemia hapa Nairobi, na nadhani ndiyo sababu swali lake lilinifikia mimi. Alikuwa amenunua rivolva ya Webley Mark IV ya .38 (namba hiyo hutaja kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi, kwa makadirio), ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ile ambayo mtutu wake huinamishwa kwa bawaba ili maganda yatoke yote kwa pamoja. Huko aliko, mtu anaruhusiwa kujitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe. Hapa kwetu kumiliki risasi bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na baruti nayo iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kwa hiyo tuligawana kazi: mikono ilikuwa yake, na kusoma na kubishana kukawa kwangu, kwa simu, usiku baada ya kusahihisha madaftari.

Tulianza kwa kukubaliana maneno, kwa sababu Kiswahili kinatuchezea hapa. Risasi ni ile nzima inayoingia katika silinda, na risasi pia ni madini yanayoyeyushwa na kumiminwa ili kupata kichwa, yaani kile kipande kinachoruka. Tuliamua kusema ganda, fataki (kidude cha kuwasha baruti), baruti na kichwa, na tangu siku hiyo hatukuwahi kuelewana vibaya kuhusu kipimo.

Alikuwa amekwisha kununua pakiti ya risasi za .38 Special, akashangaa kwamba zinakataa kuingia mpaka mwisho. Hazikupaswa kuingia. Rivolva hiyo ya Kiingereza hutumia ganda la .38 Smith & Wesson, ambalo lina urefu wa milimita 19.7 tu na ni nene kidogo, ilhali la Special ni jembamba na lina urefu wa milimita 29.3. Hata hivyo nilimsisitiza apime kina cha kila tundu la silinda, kwa kuwa rivolva nyingi za Marekani zilizopelekwa Uingereza wakati wa vita zilikuja kutobolewa upya baadaye ili zipokee ganda refu. Yake ilikuwa haijaguswa. Risasi sahihi za dukani zipo, ila vichwa vyake ni vyepesi, vya greni 145 au 146, na kwake zilikuwa zikipiga chini ya shabaha. Rivolva hii ilikusudiwa kichwa cha greni 200, yaani gramu 13 hivi, kinachotoka polepole. Hapo ndipo haja ya kujitengenezea ilipotokea, na pamoja nayo swali la baruti.

Kabla ya baruti nilimpigia mjomba wetu, mstaafu wa polisi, ambaye alizishika bastola za namna hii ujanani. Hakuniambia lolote kuhusu kemia. Alisema, "Mwambie mdogo wako atikise mtutu ukiwa umefungwa. Ukilia, asipige." Komeo na bawaba ndivyo vinavyobeba mzigo wote katika bastola ya kukunja, na hulegea kidogo kidogo kwa kila risasi kali. Viwango vya Marekani vinaiwekea .38 Smith & Wesson shinikizo la juu la paundi 14,500 kwa inchi ya mraba; risasi kali ya .357 Magnum, ambayo kichwa chake kinakaribiana nayo kwa kipenyo, inaruhusiwa 35,000. Mtutu wa ndugu yangu haukulia, tukaendelea.

Muuza duka wake alimpendekezea Bullseye, baruti ya tangu mwishoni mwa karne ya 19, inayowaka haraka na inayotosha kwa kiasi kidogo sana. Ushauri haukuwa mbaya. Ganda dogo lenye shinikizo la chini linataka baruti ya haraka, kwa maana ile ya polepole haipati msukumo wa kuwaka vizuri na huacha chembe mbichi ndani ya mtutu. Kilichonitia wasiwasi ni huo udogo wenyewe. Kipimo kizima hakifiki robo ya gramu, na mtu akikatizwa na simu (ndugu yangu hukatizwa na simu daima) anaweza kumimina mara mbili katika ganda lile lile bila kugundua.

Nilitaka kuliona jambo hilo kwa macho. Nilichukua vifuniko vya kalamu mezani, nikatia punje za wimbi katika kimoja na bisi zilizovunjwavunjwa katika kingine, uzito uleule kwa mizani ya jikoni, mke wangu akiuliza kama mtihani wa kidato cha nne umefikia hapo. Wimbi lilijificha chini. Ukiongeza kipimo cha pili, kifuniko bado kinaonekana cha kawaida. Bisi zilijaa na kumwagika. Baruti ya Trail Boss iliundwa kwa wazo hilo la bisi: chembe zake zina umbo la pete, nyepesi, zenye kujaza ganda. Ningeichagua bila kusita, ila madukani ilikuwa imeadimika. Ndugu yangu aliipata nusu kopo kwa mtu sokoni, limeshafunguliwa. Nilimkataza kabisa. Baruti zikiwa nje ya kopo hufanana, na lebo inasema tu kilichokuwamo siku kopo lilipotoka kiwandani.

Tulitua kwenye baruti iitwayo Unique, yenye vipande bapa, inayochukua nafasi kubwa kidogo kuliko Bullseye na isiyo kali kama hiyo. Haimwagiki ukirudia kipimo, lakini kiwango chake hupanda vya kutosha kuonekana kwa tochi. Kasoro zake nilizijua: katika shinikizo dogo huacha masizi, na vipande vyake havipiti sawasawa katika chombo cha kupimia, kwa hiyo nilimtaka apime kila kipimo kwa mizani. Alianzia kipimo cha chini kabisa cha jedwali lililochapishwa kwa kichwa cha uzito ule ule, kwa sababu kichwa kizito juu ya baruti iliyopimiwa kichwa chepesi hupandisha shinikizo. Maganda aliyapanga kwenye kibao, akayamulika yote kabla ya kukaza kichwa hata kimoja. Simu ikawekwa chumba kingine, jambo ambalo lilikuwa gumu kwake kuliko hesabu zote.

Jumamosi iliyofuata alinitumia picha ya karatasi ya shabaha: matundu sita, yote katika eneo la kiganja, urefu sawa na alipolenga. Chini yake aliandika, "Kaka, masizi hadi kwenye kucha." Bawaba aliitikisa tena, ikanyamaza. Sasa ameona Webley Mark VI ya .455 ambayo nyuma ya silinda yake imechongwa ili ipokee risasi za .45 ACP, zenye shinikizo kubwa kuliko lile ambalo chuma hicho kilikusudiwa. Nimemwambia asilipe kitu mpaka nimalize kusoma.