Nilifunga kadi mbili za mkopo nikiwa Dodoma, alama zangu zikashuka Ohio

Mbukwenyi, ndugu zangu mlioko mbali na nyumbani.

Februari 2025 nilirudi Dodoma baada ya miaka minne. Treni ya umeme ilinitoa Dar alfajiri, na kabla jua halijakaza nilikuwa nimeshakaa barazani kwa baba, Nkuhungu, beseni la zabibu katikati yetu maana ulikuwa msimu wake. Nikafungua pochi nitafute hela ya kumpa mdogo wangu akanunue soda, na kadi nne zikamwagika mkekani.

"Hizi zote za nini, mama?" baba akauliza.

Nikamweleza kwamba ni kadi za mkopo. Unanunua leo, benki inalipa, wewe unailipa benki mwisho wa mwezi. Akazipanga mkekani moja moja. Akauliza ipi natumia. Nikamwonyesha mbili. Akabaki ameshika zile nyingine, ya bluu yenye limiti (mwisho wa kukopa) ya dola 6,000 ambayo sikuwa nimeigusa tangu 2022, na ya duka la fanicha ya dola 2,000 niliyoichukua siku niliyonunua kitanda.

"Mlango usioutumia, ufunge," akasema. "Deni halipigi hodi."

Baba haongei hovyo. Mtaani kwetu watu wamekopa kausha damu wakashindwa marejesho, wakachukuliwa godoro na televisheni watoto wakiangalia. Na mimi nimelelewa na huyu mzee. Tulipokuwa wadogo, tukiishi Chang'ombe, alikuwa mwalimu, na mshahara ukichelewa tulikopa dukani kwa Mangi: unga, sukari, mafuta ya taa. Mangi alikuwa na kaunta buku, jina la baba limeandikwa juu ya ukurasa wetu. Siku ya kulipa baba alikwenda mwenyewe, mimi nikimfuata nyuma. Alihesabu noti, kisha akasimama palepale kaunta mpaka Mangi achukue rula na kalamu nyekundu, apige mistari miwili ya mshazari kukata ukurasa mzima, aandike "amelipa". Baba hakutoka dukani kabla hajauona ule mstari. Ndiyo heshima niliyoijua: ukurasa uliokatwa.

Kwa hiyo saa kumi na moja jioni ya Dodoma, ambayo Ohio ilikuwa saa tatu asubuhi, nilipiga simu benki nikafunga ile ya bluu. Mhudumu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Nikapiga ya pili, nayo ikafungwa. Mama akaniletea mkasi wake wa vitambaa, nikazikata vipande vipande. Usiku ule nililala vizuri.

Aprili, nikiwa nimesharudi Columbus, Ohio, nilikwenda kuomba mkopo wa nyumba. Miaka mitano nimefanya zamu za usiku kwa ajili ya siku hiyo. Januari nilikuwa nimeangalia alama zangu za krediti, ile namba inayowaonyesha wakopeshaji unavyoaminika kulipa deni, zilikuwa 742. Afisa mikopo akageuza kioo cha kompyuta nikaona 704. Sikuwa nimechelewesha malipo hata siku moja, wala sikuwa nimekopa upya. Nilidhani wamenichanganya na mtu mwingine.

Hawakuwa wamenichanganya, na naandika ili mwenzangu asije akakaa kwenye kiti kile.

Wageni huku Marekani huwa tunaambiwa neno moja tu, "jenga krediti", bila kuelezwa inavyojengwa. Alama zinazotumika zaidi ni za FICO, kuanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 inatokana na kulipa kwa wakati. Asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, na kwenye kadi kinachoangaliwa hasa ni sehemu gani ya limiti yako umeitumia. Umri wa historia yako ni asilimia 15. Zilizobaki zinagawana mikopo mipya na aina za mikopo, 10 kwa 10.

Mimi nilikwama kwenye ile 30. Kadi zangu nne zilikuwa na limiti ya jumla ya dola 14,000: ya kwanza kabisa 1,000, ninayoitumia 5,000, ya bluu 6,000, ya fanicha 2,000. Nilikuwa nadaiwa dola 2,400, zote kwenye ile ya 5,000, maana ndiyo iliyobeba tiketi ya ndege na mchango wa harusi ya binamu yangu. Gawa 2,400 kwa 14,000, unapata kama asilimia 17. Hapo ni pazuri; watu wa mikopo husema usivuke 30, na ukiwa chini zaidi ndivyo bora. Nilipofunga zile mbili, limiti ikabaki 6,000. Deni ni lile lile. Gawa tena: asilimia 40. Sikuongeza hata senti, lakini kwenye hesabu zao nilionekana mtu aliyeanza kuzama.

Jamani, hizi kadi tunazoziona kama milango ya deni, kwenye hesabu ya alama ni nafasi. Kadi usiyoitumia inapanua chombo ambacho deni lako linapimiwa. Ukiiondoa, maji ni yale yale lakini sasa yamefika shingoni mwa chombo.

Alama 38 zinaweza kuonekana chache. Kwenye mkopo wa nyumba bei hupangwa kwa ngazi za alama ishirini ishirini, na kutoka 742 hadi 704 nilishuka ngazi mbili. Kila ngazi inagusa gharama ya mkopo, na mkopo wenyewe ni wa miaka 30. Tena mkopeshaji wa nyumba huvuta taarifa kutoka taasisi zote tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, Equifax, Experian na TransUnion, akachukua alama ya katikati, kwa hiyo huwezi kutegemea ile moja nzuri iliyoko kwenye programu ya simu yako.

Nilijaribu kurudisha ile ya bluu. Wakaniambia niombe upya. Maombi mapya yanaacha kumbukumbu ya ukaguzi kwenye taarifa zako kwa miaka 2, FICO ikiihesabu kwa miezi 12 ya kwanza, na kadi mpya inashusha wastani wa umri wa kadi zako. Nikaacha.

Kuna jambo moja tunalodanganyana sana kwenye vikao vyetu vya Jumapili, kwamba ukifunga kadi ya zamani umri wake unafutika papo hapo. Kwa FICO si kweli. Kadi iliyofungwa ikiwa haina doa hubaki kwenye taarifa yako hadi miaka 10, na umri wake unaendelea kuhesabiwa muda wote huo. VantageScore, aina nyingine ya alama ambayo ndiyo unayoonyeshwa bure kwenye programu nyingi, inaweza kuziacha baadhi ya kadi zilizofungwa. Ila kwa mtu aliyefika juzi mwenye kadi mbili tu, kufunga ile ya kwanza ni kujichimbia shimo la mbele: miaka 10 ikiisha, mwanzo wako unaondoka.

Kilichonirudisha ni kulipa. Nilichukua zamu za ziada wiki sita, nikapeleka dola 2,000 kwenye ile kadi, na nililipa kabla ya tarehe ya kufunga hesabu ya mwezi. Hili lisikupite. Benki nyingi hupeleka kwenye zile taasisi salio la siku ile ya kufunga hesabu, wala hazingoji tarehe ya mwisho ya kulipa. Unaweza kulipa deni lote kila mwezi bila riba na bado ukaonekana umejaa, kwa sababu picha ilipigwa kabla hujalipa. Nikabaki nadaiwa 400 kwa limiti ya 6,000, chini ya asilimia 7. Mwezi uliofuata alama zikasoma 748, juu kuliko nilikoanzia, na zile kadi mbili bado zimefungwa. Matoleo mengi ya FICO hayakumbuki ulikuwa umejaa kiasi gani mwezi uliopita. Yanaangalia hali ya sasa.

Kumbe kufunga peke yake hakukuniua. Kuliniumiza kwa sababu nilifunga nikiwa na deni upande wa pili, na miezi miwili kabla ya kuomba mkopo mkubwa. Ningekuwa sidaiwi kitu, kiwango changu cha matumizi kingebaki sifuri hata kadi zikiwa mbili. Lakini ile nyumba niliyoitaka, yenye kibaraza na mti wa tufaa nyuma, ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo sisemi usifunge kamwe. Kadi yenye ada ya mwaka usiyonufaika nayo, ya nini kuilipia? Ila kabla ya kuifunga, piga simu uombe wakuhamishie kwenye kadi yao isiyo na ada. Mara nyingi akaunti inabaki ile ile na umri wake. Kadi mliyofungua na mwenza mkaachana, ifunge. Na kama kadi inakuvuta kununua usichokimudu, ifunge hata alama zikishuka, kwa sababu riba ya kadi itakula zaidi ya hizo alama. Ukifunga, lipa salio lote kwanza, kisha angalia taarifa ya mwezi unaofuata maana riba ya siku za mwisho huja nyuma. Tumia kwanza pointi za zawadi ulizokusanya kwenye kadi hiyo. Omba uthibitisho wa maandishi, halafu baada ya wiki kadhaa ingia AnnualCreditReport.com, bure, uone imeandikwa kwamba umeifunga wewe.

Na ile unayoiacha isilale kabisa. Benki inaweza kuifunga yenyewe kwa kutotumika, mara nyingi bila kukuambia, na hesabu ya limiti ikakugeukia vile vile. Yangu ya dola 1,000, niliyoipata 2015 kwa kuweka dhamana ya dola 300 kwa sababu hakuna aliyenijua, sasa inalipia kifurushi cha kupigia simu nyumbani. Dola 5 kila mwezi, inajilipa yenyewe kutoka akaunti yangu ya benki. Kadi yenyewe iko kwenye bahasha, ndani ya Biblia niliyotoka nayo Dodoma.

Juni nilimpigia baba nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatisha, nyuma yake nikisikia kuku na mama akitwanga karanga za mlenda. Akauliza, "Sasa lile deni la tiketi?" Nikamwambia limebaki dola 400, linaisha mwezi huu. "Basi dawa ya deni ni kulipa," akasema. Kisha akakaa kimya kidogo. "Hilo la ukurasa usio na kitu kuhesabiwa, sikulijua, mama. Mangi alikuwa ananiongezea mkopo wa kilo hamsini za unga kwa sababu alikuwa akifungua nyuma anaona kurasa zote nilizolipa. Zile kurasa hakuzichana."

Mdogo wangu anakuja Agosti kusomea uuguzi. Baba ameniomba nimfungulie kadi moja ya dhamana, moja tu, na niwe nampigia yeye kila mwezi kumwambia kijana amelipa tarehe ngapi.