Riwaya kumi, na kabla hatujatoana macho

Wadau wa Dar, tunapanga orodha ya riwaya kumi pendwa za Kiswahili, na neno "pendwa" ndilo linalotuvuruga. Kwa wahakiki, riwaya pendwa ni zile za upelelezi na mapenzi, kama Simu ya Kifo (1965). Kijiwe cha kahawa Kariakoo kinamaanisha tu kitabu ninachokipenda. Tutumie maana ya kijiweni.

Kinjeketile itoke, ni tamthiliya. Wasifu wa Siti Binti Saad nao utoke, jina lenyewe linasema.

Kila mtu ataje vitano kwa mpangilio: cha kwanza pointi 5, cha mwisho 1. Shida ni mwandishi Kezilahabi. Wengine watataja Rosa Mistika (1971), wengine Kichwamaji (1974), wengine Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Kura zinagawanyika, anakosa nafasi mwandishi anayependwa kuliko wote. Basi jumlisha pointi za mwandishi, halafu uingize kitabu chake kilichoongoza.

Vya shuleni navyo hubebwa na mtihani. Jiulize: umekirudia baada ya kumaliza shule? Kwangu Kuli ya Shafi inapita hapo. Mgomo wa makuli Unguja wa 1948 unausikia mabegani.

Haya, vitano. "Vyote vizuri" haihesabiki.