Julai ya Sajini

Baba alirudi nyumbani na farasi badala ya pesa. Hivyo ndivyo Mama alivyolisimulia jambo hilo miaka yote iliyofuata, na siwezi kusema alidanganya. Mzungu aliyemwajiri Baba kama saisi upande wa Turi alikuwa ameuza shamba na kufunga virago, na farasi wazee walikuwa wapigwe risasi. Baba akaomba mmoja. Akakatwa sehemu ya malipo yake ya mwisho, akatembea naye kwa miguu hadi kwetu nje kidogo ya Molo, akamfunga kwenye mti wa plamu kama mbuzi.

Jina lake lilikuwa Sajini. Kahawia, doa jeupe kwenye paji la uso, miaka 22, meno marefu ya manjano. Majirani walikuja kumtazama mmoja mmoja. Hakamuliwi, haliwi, hajui jembe. "Sasa huyu mtamfanyia nini?" jirani mmoja akauliza. Baba akamjibu, "Amestaafu. Na mimi nimestaafu." Mama akaingia jikoni na kufunga mlango kwa nguvu.

Huo ulikuwa mwaka wa 1996, nami nilikuwa darasa la sita. Ukimwambia mtu wa Kisumu kuhusu baridi ya Molo anacheka, anadhani ni sweta tu. Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Julai ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau ukakaa hadi saa nne asubuhi, manyunyu hayakatiki, na kuna siku unakanyaga nyasi unasikia zikivunjika kwa umande ulioganda. Kwangu Julai ilikuwa na jina lingine: pumu. Mama alikuwa na tiba yake. Kitanda changu kilihamishiwa jikoni karibu na moto wa kuni, mlango ukafungwa, nyufa zikazibwa kwa matambara, kifua kikapakwa Robb. Kila mwaka nilikohoa kuanzia Juni hadi Agosti, na kila nilipokohoa aliongeza kuni.

Baba naye, kwa mapenzi yaleyale, akamjengea Sajini banda la mabanzi ya mbao. Akaliziba kwa magunia na karatasi za plastiki hadi hata mshumaa usingetikisika mle ndani. Akatandika mabua ya shayiri hadi magotini. Akamshonea koti la gunia na blanketi kuukuu. Kisha akaniita nione. Nilidhani sijawahi kuona mnyama aliyepokewa vizuri hivyo.

Wiki ya pili Sajini akaanza kukohoa. Mwanzo ni asubuhi tu, akiingiza mdomo kwenye hei, nyasi zake kavu. Halafu usiku pia. Kikohozi cha farasi si cha mbwa wala cha ng'ombe. Ni kama mtu anayebisha mlango mzito kwa kiganja. Sisi wawili tukawa tunajibizana, mimi jikoni, yeye bandani. Mwisho wa mwezi matundu ya pua yake yalikuwa yamepanuka kama vikombe, na farasi, kwa taarifa yako, hawezi kupumua kwa mdomo. Ana pua tu. Ikimshinda hiyo hana njia nyingine. Alikuwa akisimama shingo imenyooka mbele, tumbo likisukuma mara mbili kwa kila pumzi, na ubavuni pakajichora mfereji, kana kwamba mtu amepitisha kidole kwenye udongo mbichi.

Nilichukua saa ya Baba nikahesabu. Ubavu ukipanda na kushuka, hiyo moja. Zilifika 40 kwa dakika.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, matope hadi kiunoni. Alikiri mapema kwamba mara ya mwisho kumgusa farasi alikuwa mwanafunzi chuoni Kabete, na nadhani kukiri huko ndiko kulikomfanya Baba amwamini. Alisikiliza mapafu pande zote mbili kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye ule mfereji wa ubavuni, akatikisa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea.

"Mzee," akasema, "hebu chutama hapa anapokula. Weka uso wako palipo uso wake. Vuta pumzi."

Baba akachutama. Akavuta. Machozi yakamtoka papo hapo. Mkojo uliolowesha mabua wiki nzima ulikuwa umepika hewa ile ikawa kali kama kitunguu. Daktari akaokota konzi ya hei, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaikung'uta. Vumbi likapanda likaning'inia. Lilikuwa la kijivu, jepesi, halishuki.

"Hiyo ni kuvu. Anaila na kuivuta. Ana pumu, Mzee."

Baba akageuka akanitazama mimi. "Kama ya huyu?"

"Karibu sana na ya huyu."

Akamchoma sindano, akaahidi nyingine, lakini akasema sindano ni za kumvusha tu. Hei ilowekwe nusu saa kabla ya kuliwa, ipewe ikiwa bado inachuruzika. Mabua yote nje. Na ukuta wa upande usio na upepo, utolewe.

"Julai hii?" Baba akauliza.

"Julai hii. Farasi si kifaranga. Akiwa mkavu na tumbo limejaa nyasi, anaota moto kutoka ndani."

Baba alibomoa ukuta kwa mikono yake mwenyewe, na kila ubao aliong'oa aliutazama kama anayemnyang'anya mtoto nguo. Tukaenda Elburgon kwa wapasua mbao, tukarudi na magunia sita ya maranda juu ya Pijo ya abiria, utingo akinung'unika hadi Molo. Kazi ya kuloweka hei ikawa yangu. Pipa nusu, maji ya kijito, jiwe la kuikandamiza. Saa kumi na moja alfajiri vidole havikuwa vyangu tena. Nilivibana kwapani nikisubiri nusu saa ipite. Na hapo nje, kwenye ukungu na meno yakigongana, ndipo nilipotambua kwamba sikohoi.

Sikumwambia mtu. Niliogopa nikisema itarudi.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa akichambua maharagwe, mlango umefungwa, na mwali mmoja wa jua umepenya pale tambara lilipoanguka. Moshi ulikuwa ukielea humo, wa kijivu, mwepesi, haushuki. Aliutazama kwa muda. Kisha akamwita Baba, na sauti yake haikuwa ya kuomba.

"Baba Shiru, leta nyundo. Farasi amepewa dirisha, na mtoto wangu bado yuko kwenye shimo la makaa?"

Baba alikata dirisha jikoni siku hiyohiyo, na jioni kitanda changu kikarudi chumbani. Mama aliendelea kumwita Sajini "mshahara wenu", lakini niliwahi kumkuta alfajiri moja akigeuza hei kwenye pipa, leso imefungwa kiunoni, akidai amepita tu.

Agosti ilipoingia nikaiazima tena ile saa ya Baba. Sajini alikuwa amesimama mbele ya uwazi, maranda hadi kwenye kwato, mvuke ukitoka puani kwa mafungu marefu. Aligeuza sikio moja upande wangu. Nikahesabu 14.

Nikarudia, nikidhani nimeruka baadhi.