Siku moja maishani mwangu: kapsuli ya kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi

Nimeamka kabla ya adhana. Shavu la kushoto bado limejaa, ingawa jana daktari wa meno alinipasua jipu la ufizi na usaha ukatoka. Ameniandikia amoksilini ya miligramu 500, kila baada ya saa nane, kwa siku tano. Pakiti iko juu ya kabati nami naitazama nikiwa kitandani.

Hofu hii ya dawa nimekua nayo. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini na kuifanya SP, dawa yenye salfa, kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Nilikuwa shule ya msingi hapahapa Tanga. Nilipewa SP, homa ikaisha, tukasahau. Zaidi ya wiki moja baadaye midomo ikatoka vidonda, macho yakawa mekundu kama pilipili, ngozi ya kifuani ikafanya malengelenge na kuanza kuchubuka. Nililazwa. Muuguzi mmoja alimkalisha mama chini, akamwambia taratibu: huyu mtoto asipewe tena SP wala dawa nyingine ya salfa, na kila uendako useme. Namwombea dua muuguzi yule hadi leo. Lakini tangu hapo kila dawa nisiyoijua naiona kama SP ile.

Saa moja na nusu

Uji, taratibu, upande wa kulia. Dawa sijainywa bado, na hilo limepangwa. Jana, kabla daktari hajashika kalamu, nilimweleza kila kitu. Hakunipuuza. Aliniuliza ilikuwa dawa gani, dalili zilianza baada ya muda gani, mdomo na macho viliguswa au la, nililazwa au la. Kisha akasema amoksilini iko katika jamii ya penisilini na haina undugu na salfa, kwa hiyo yaliyonipata kwa SP hayanizuii kuinywa. Mzio wa ghafla, ule ambao watu wengi huuogopa, mara nyingi hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Ndiyo maana akanishauri dozi ya kwanza niinywe asubuhi, kazini, penye watu, mahali ambapo kituo cha afya hakiko mbali. Kuimeza usiku chumbani na kulala na wasiwasi hakunisaidii.

Ushauri ule ulinituliza kuliko maneno yote ya "usijali" niliyowahi kuambiwa.

Saa mbili

Barazani kwetu Ngamiani, tunaposhonea nguo. Mwenzangu wa cherehani ya pili ameshafika na anapasha pasi ya mkaa. Nimemwambia kila kitu: akiona nimetoka vipele vilivyovimba mwilini, midomo au ulimi unavimba, sauti inakwama, napumua kwa mluzi, natapika mfululizo au nataka kuzimia, asinitafutie maziwa wala limau. Amwite kijana wa bodaboda pale kona na mtu wa kunishika nyuma, twende kituo cha afya nikachomwe adrenalini pajani. Piritoni ninayo kwenye pochi, lakini daktari alisisitiza kuwa hiyo hutuliza muwasho tu. Koo lililovimba hailiwezi.

"Shoga, meza tu. Miye nipo," akasema.

Kapsuli ina rangi mbili, nyekundu na njano. Iliganda kidogo kwenye ulimi, nikaongeza maji, ikashuka.

Saa mbili na dakika kumi

Nakunja pindo la dera la bluu, na koo linabana. Moyo unakwenda mbio. Ncha za vidole zinafanya ganzi hata siusikii vizuri uzi ninapoupitisha kwenye tundu la sindano. Akili inasema: ndiyo hiyo, imeanza.

Nikasimamisha mguu kwenye cherehani. Nikakunja mikono ya gauni nikaitazama ngozi: safi. Nikajigusa midomo: kama ilivyokuwa. Nikameza mate, yakapita. Kisha nikafungua daftari la vipimo nikamsomea mwenzangu kwa sauti: kifua 38, kiuno 32, nyonga 42, urefu 56. Yeye kazi yake ni kusikiliza kama sauti inabadilika. Haikubadilika.

Hofu nayo ina dalili zake. Ukiogopa unahema harakaharaka bila kujijua, na kuhema huko ndiko kunakoleta ganzi ya vidole na midomo, kizunguzungu na kifua kubana. Nikavuta pumzi kwa pua, nikaitoa polepole kwa mdomo, tena na tena, hadi vidole vikarudi kuusikia uzi. Ila tulikuwa tumeshakubaliana: tukiona kipele kimoja kinachoenea au mdomo unavimba, hakuna kukaa kupima kama ni hofu au mzio. Tunaondoka. Heri nifike kituoni nikaambiwa niko salama.

Saa nne

Saa mbili za mwanzo zimepita. Nimemaliza madera mawili. Wateja ni wengi, kuna harusi Jumamosi.

Saa sita

Mama mmoja aliyeleta kitenge aliona shavu akauliza. Kusikia tu amoksilini akaanza: ndugu yake alichomwa sindano ya penisilini miaka hiyo, akavimba uso, karibu afe. Nilimpa pole, kwa sababu mambo hayo hutokea kweli. Halafu nikamwomba tuzungumze rangi ya mkanda. Hadithi za namna hiyo kwangu leo ni nzito, na nina haki ya kuzikwepa kwa adabu.

Jambo moja lakini nilimwambia: ndugu yake akiugua tena, aeleze na aombe apimwe vizuri. Wanaodhani wana mzio wa penisilini ni wengi, na wakipimwa na wataalamu, zaidi ya tisa kati ya kumi huonekana wanaweza kuitumia. Kubaki na jina la mzio usio wako kunakufungia dawa nzuri.

Saa saba

Wali na maharage, chakula ninachokijua. Leo sili pweza wa kona wala sijaribu sabuni mpya, ili upele ukitokea tujue umetoka wapi. Tumbo linanguruma kidogo. Hayo ndiyo maudhi madogo madogo niliyoambiwa. Hayanizuii kuendelea.

Saa kumi

Ya pili. Mkono bado ulitetemeka, ila kidogo.

Saa moja usiku

Muwasho nyuma ya kiwiko! Nikawasha tochi ya simu. Kipele kimoja, katikati alama ya mbu. Nikatazama na kifua kwenye kioo, tumbo, mgongo kwa msaada wa mume wangu. Hakuna kitu.

Saa mbili usiku

Mama amepiga kutoka Muheza.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, mama. Mara mbili."

"Macho je? Hayawashi?"

Miaka yote hii, na bado anaanzia machoni. Nikamwambia hayawashi, mdomo hauna kidonda zaidi ya pale jino lilipo, ngozi haiumi. Nikamweleza pia ambayo daktari alinieleza: mzio wa kuchelewa kama ule wa SP huja baada ya siku au wiki kadhaa, kwa hiyo homa, macho mekundu, vidonda vya mdomo au ngozi inayouma nikiviona, nasimamisha dawa na kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama dozi imeshaisha.

"Basi nitakuwa nakuuliza macho kila siku," akasema.

"Niulize, mama."

Saa sita usiku

Ya tatu, mume wangu akiwa macho. Kabla ya kulala nimeandika kwenye karatasi ngumu ninayoiweka pamoja na kadi ya bima: "Mzio: SP, 2001. Vidonda vya mdomo na macho, ngozi ilichubuka, nililazwa. Nisipewe SP, kotrimoksazoli (Septrini) wala antibiotiki nyingine ya salfa." Chini yake nimeacha mstari wa amoksilini. Nitaujaza wiki chache baada ya dozi kwisha.