Pampu Haikufa, Ilikuwa Filta ya Dizeli

Nianze na mafundi, maana hasira haijaisha. Hilux yangu ya zamani, injini ya dizeli aina ya 5L, ilipoanza kukosa nguvu, kila niliyemuuliza alikuwa na jibu kabla hata ya kufungua boneti. Mmoja alisema nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Mzee mmoja anayeheshimika pale gereji akasema pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli imekufa, niandae kama milioni na nusu hivi, "na hapo nimekufanyia kindugu."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Kwenye tambarare gari linakimbia bila shida. Nikipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni nikaanza kupanda mlima Kitonga kuelekea Iringa, linakata pumzi. Nakanyaga mpaka mwisho, halisikii. Narudi gia ya pili, ya kwanza, malori ya Zambia yenye mzigo yananipita na madereva wananipungia mkono. Nikisimama pembeni kidogo linapata nguvu, kona mbili mbele limechoka tena.

Kilichonifanya nigome kutoa hela ya pampu ni moshi. Nozeli zikiharibika, mlimani utaona moshi mweusi nyuma. Langu lilishindwa mlima bila moshi wowote, maana yake mafuta hayafiki. Kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta, inakula kidogo, hata filta iliyoziba inaitosheleza. Ikibeba mzigo inataka mengi, ndipo aibu inapoanza.

Fundi mmoja alikubali ni filta, lakini eti ya nini kununua, tuipulize upepo. Akaipiga kompresa kwa mbwembwe, vumbi likatoka kidogo, akanigongea bega. Jamani, ile filta ni kopo lililofungwa, karatasi iko ndani na uchafu umenasa kwenye mikunjo. Upepo utautolea wapi? Unaweza hata kuichana karatasi, takataka ziende moja kwa moja kwenye pampu ileile tunayoiogopea. Gari lilifika katikati ya Kitonga, vitunguu vikalala njiani na mimi juu yake.

Baada ya hapo nikafanya mwenyewe. Filta mpya niliipata Iringa mjini kwa elfu thelathini na kitu. Ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania na funguo ya mnyororo sina. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakizungusha kwenye kopo kwa kubana, nikasokota kwa mikono miwili. Ikaachia kama kifuniko cha soda! Mafuta yake nikayamimina kwenye chupa nyeupe nikayaacha yatulie: chini maji na matope meusi, juu dizeli. Chupa hiyo niliipeleka gereji makusudi, nikaiweka mbele ya mzee wa pampu. Akaitazama, akasema, "Haya mafuta ya madumu haya." Ya pampu hakuyataja tena.

Wengi wanaharibu wakati wa kufunga. Sensa ya maji iliyo chini ya filta ya zamani usiitupe, ihamishie kwenye mpya. Usimimine dizeli kwenye tundu la katikati eti uijaze, upande huo ndio unaokwenda kwenye injini, dizeli yako itakuwa haijachujwa. Paka oringi, ule mpira wa duara wa filta, dizeli, kaza kwa mkono, halafu bonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Usipotoa hewa utapiga starta hadi betri ilale.

Sasa nabadilisha kila kilomita elfu kumi hivi, kwa mafuta yetu haya siwezi kusubiri zaidi, na masika nafungua koki ya chini ya filta mara kwa mara kutoa maji. Nikikuta lori linashusha mafuta kituoni naondoka, uchafu wa chini ya tangi lao umevurugika. Wenye gari ndogo za petroli, filta zenu nyingi ziko ndani ya tangi pamoja na pampu, chini ya kiti cha nyuma. Hiyo mpelekeeni fundi, na akija na sigara mdomoni tafuteni mwingine.